Injini Haijafa, Ni Mwinuko wa Nairobi: Majibu kwa Wenye Magari ya Kijeshi ya Zamani

*Wasomaji wanauliza, meza ya mafundi inajibu. Zamu hii ni ya Land Rover na Jeep zilizowahi kuvaa rangi ya jeshi.*

SWALI: Fundi anasema injini imekwisha

Nina Land Rover Series III 109 ya petroli, lita 2.25, niliyoinunua kwa mtu aliyeipata mnadani. Inamisi na haina nguvu mlimani. Fundi amepima kompresheni akapata psi 118, 120, 95 na 117. Anasema injini nzima imechoka kwa sababu inatakiwa isome zaidi ya 140, kwa hiyo nichonge bloku niweke pistoni mpya. Nikubali?
– Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Usitoe pesa bado. Silinda tatu kati ya hizo nne hazina kosa lolote.

Vipimo vya vitabuni huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Silinda haiwezi kukandamiza hewa ambayo haikuingia. Injini inayosoma 145 Mombasa itasoma karibu 120 ikipandishwa hapa, ringi zikiwa zilezile na valvu zilezile. Kwa hiyo 118, 120 na 117 ni za injini nzima. Mgonjwa ni silinda ya 3.

Ila rudia kipimo wewe ukiwepo. Injini iwe imepata joto la kazi, plagi zote nne zitolewe, waya wa koili uchomolewe, betri iwe na nguvu, na mtu akanyage mafuta hadi chini muda wote stata inapozunguka. Acha mshale upige mara tano au sita ndipo usome. Hilo la kukanyaga mafuta ndilo husahaulika zaidi: kabureta ikiwa imefunga, silinda zote zinasoma chini na mwenye gari anauziwa pistoni asizozihitaji.

Sasa mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu la plagi ya silinda ya 3, upime tena. Ikiruka kuelekea 115, ringi zinavuja, maana oili imeziba upenyo kwa muda. Ikibaki 95, hewa inatokea kwenye valvu au gasketi ya hedi. Gasketi ikipasuka kati ya silinda mbili, zote mbili huanguka pamoja; kwako ya 2 na ya 4 ziko salama, kwa hiyo sisi tunaishuku valvu ya ekzosi.

Kabla ya kufungua hedi, kagua tapeti, yaani vile vinavyosukuma valvu zifunguke. Injini hii ina valvu 8, na nafasi ni 0.25 mm kwa zote, za kuingiza na za ekzosi. Hesabu kuanzia upande wa rejeta. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha ya 1. Ya 7 ikifunguka, ya 2. Ya 6, ya 3. Ya 5, ya 4, kisha unageuza jozi hizohizo: ya 1 ikifunguka, ya 8, na kuendelea. Jumla ni 9 kila mara, huna haja ya kuandika popote. Valvu za silinda ya 3 ni ya 5 na ya 6. Ukikuta fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya 0.25 haipiti kwenye ya ekzosi, valvu hiyo haifungi vizuri, na kompresheni imepotelea hapo. Irekebishe, pima upya, endesha kilomita 1,000, halafu iangalie tena. Ikiwa nafasi imejifinya tena, kiti cha valvu kinaliwa. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ya zamani ilikinga viti vya ekzosi, na Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Dawa yake ni kupeleka hedi kwa fundi wa mashine atie viti vigumu vya ekzosi. Bloku haiguswi. Ukirudisha hedi, kaza bolti kubwa kwa hatua hadi Nm 88, kuanzia katikati kwenda nje.

Wengi hufurahia tapeti zilizonyamaza. Kwa injini hii, tapeti yenye kelele kidogo ni afadhali kuliko iliyonyamaza kabisa, kwa sababu inayonyamaza huenda inaishikilia valvu isifunge.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia hewa ya kompresa. Toa kaure ya plagi mbovu, chomelea kwenye ganda lake mdomo wa mpira wa upepo. Kariobangi Light Industries watakufanyia. Weka pistoni ya silinda ya 3 juu kabisa, valvu zake zote zikiwa zimefunga, ingiza gia ya nne, vuta breki ya mkono, kisha tia hewa polepole. Usiache spana kwenye kranki, hewa inaweza kuizungusha ghafla. Hewa ikilia kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Ikilia kwenye kabureta, ni ya kuingiza. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka.

Geji ya vakyumu nayo isomwe kwa akili ya hapa. Vitabu husema 18 hadi 21, inchi za zebaki, injini ikinguruma polepole. Punguza inchi moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Nairobi unabaki na kama 12.5 hadi 15.5. Mshale ukitulia chini ya hapo, taiming imechelewa au manifoldi inavuta hewa. Ukidondoka kila baada ya muda uleule, kuna valvu moja isiyokaa sawa.

Jambo la mwisho kwenye barua yako: plagi zikiwa na masizi makavu meusi, kabureta inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ukikuta kabureta ya Zenith yenye jeti kuu (kitundu kinachopima petroli) ya 125, jaribu 120. Na kabla ya hapo weka rula ya chuma juu ya uso wa kifuniko chake. Zenith 36 IV inajulikana kwa kupinda kifuniko na kwa pete ya mpira ya ndani kukauka, na yote mawili huleta petroli kupita kiasi. Sawazisha uso kwa msasa juu ya kioo, badilisha pete na gasketi.

SWALI: Jeep inazima kwenye foleni

Willys MB yangu ya 1944 hukimbia vizuri asubuhi. Nikikwama Waiyaki Way saa nane mchana inakohoa, inazima. Nikikaa nusu saa inawaka kama haijawahi kuugua. Nimeshabadilisha pampu na koili. Kuna wanaonishauri nibane vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli.
– Msomaji, Kikuyu

JIBU: Vibanio viacheni kwenye kamba ya nguo.

Kosa ni kusubiri ipoe. Dakika tano za kwanza baada ya kuzima ndizo zenye ushahidi, kwa hiyo beba plagi moja nzima, kopo la bati na spana ya bomba la petroli. Anza na moto, kabla hujafungua petroli yoyote. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya, ilaze kwenye chuma cha injini, zungusha. Usipoona cheche, au ukiona cheche nyembamba ya rangi ya machungwa, usiiguse pampu. Shuku kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda pointi: hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, tabia ileile unayoieleza, na bei yake ni ndogo kuliko vyote ulivyokwisha kununua. Pointi ziwe 0.50 mm, plagi 0.75 mm.

Cheche ikiwa nzuri, fungua bomba kwenye kabureta, elekeza kwenye kopo, zungusha injini mara chache, mbali na sigara na waya zilizo wazi. Petroli ikiruka kwa mapigo mazito, kosa liko ndani ya kabureta. Ikitoka povu au isitoke, petroli inachemkia kwenye bomba. Katika injini hii pampu na manifoldi ya ekzosi viko upande mmoja, wa kushoto, na pampu inavuta petroli kutoka mbali, chini ya kiti cha dereva. Kuvuta kunapunguza kanieneo ndani ya bomba, mwinuko wetu umeshaipunguza, joto la foleni likiongezeka petroli inageuka mvuke. Pampu imeundwa kusukuma kimiminika. Mvuke inaubana na kuuachia tu.

Kagua mambo haya kwa mpangilio. Fungua kifuniko cha tangi papo hapo gari linapozima: kikivuta hewa kwa mlio, tundu lake la kupumulia limeziba, na huenda hilo ndilo tatizo lote. Halafu angalia kibao cha joto ndani ya manifoldi, chenye uzito na springi kwa nje. Kikiganda upande wa kupasha joto, kinaichoma kabureta hata kiangazi. Kilegeze kwa mafuta ya kupenyeza mpaka kicheze kwa kidole. Mwisho, sogeza bomba lisikaribie ekzosi chini ya sentimita 3 popote, na kata kipande cha bati kiwe ngao kati ya manifoldi na pampu. Ukiamua kufunga pampu ya umeme, iwe ya volti 6 na ikae karibu na tangi, isukume badala ya kuvuta.

Na kama ikipata moto stata inazunguka kwa uvivu, pima volti kwenye stata yenyewe wakati inazunguka. Chini ya 4.5, huenda nyaya ni nyembamba. Watu hufunga nyaya za gari la volti 12 kwenye mfumo wa volti 6, ambao kwa kazi ileile unabeba mkondo mara mbili.

SWALI: Oili chini ya klachi

Series III yangu inadondosha oili kwenye tundu dogo chini ya nyumba ya klachi, na klachi imeanza kuteleza. Ni sili ya kranki?
– Msomaji, Embakasi

JIBU: Huenda, lakini kuna vyanzo viwili na pua inatosha kuvitofautisha. Oili ya gia, EP90, inanuka salfa na inavutika kwenye vidole. Inapita mbele ya giaboksi. Oili ya injini ni nyeusi na nyepesi. Hiyo inapita sili ya nyuma ya kranki. Kabla ya kuishusha giaboksi kwa ajili ya sili, safisha kipumulio cha injini. Kikiziba, gesi za ndani husukuma oili nje popote penye udhaifu, na sili mpya nayo itavuja.

Tundu lenyewe limewekwa makusudi. Magari ya jeshi yalikuwa na plagi ya kuliziba kabla ya kuvuka maji, na mtu akiiacha humo mwaka mzima oili inajaa ndani na kufika kwenye klachi. Sahani ya klachi iliyolowa haioshwi kwa petroli ikapona. Joto litaitoa oili tena. Nunua nyingine.

Ukiwa chini ya gari, fungua plagi za kimo cha oili. Giaboksi kuu huchukua lita 1.5 na boksi ya pili, ile ya fo-wili, lita 2.5. Ya kwanza ikiwa kavu na ya pili inamwagika, sili kati yake imekufa na oili inahama. Weka EP90 ya daraja la GL-4 kwenye giaboksi. GL-5 kali inaweza kuzila bushi za shaba.

SWALI: Liva imegoma na kuna "ko!"

Series IIA 109. Nilitoka matope ya Kiserian nikiwa fo-wili, nikaendelea hivyo kwenye lami mpaka Karen. Usukani ukawa mgumu kwenye kona, na sasa fo-wili haitoki. Pia kila nikiachia klachi nasikia "ko!" nyuma. Difu imekufa?
– Msomaji, Ngong

JIBU: Una matatizo mawili, na la kwanza pengine ni la lami tu. Gari hili halina difu ya katikati. Ukiweka fo-wili, propela (shafti ndefu chini ya gari) ya mbele na ya nyuma zinazunguka sawasawa, ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu zaidi. Kwenye matope tairi inateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami haitelezi, kwa hiyo shafti zinajisokota mpaka meno ya boksi yanabanana. Ukiendelea hivyo kinachovunjika ni krosi (kiungo cha propela) au hafushafti (shafti ya kutoka difu hadi gurudumu).

Rudi nyuma moja kwa moja mita kumi kwenye udongo laini. Simamisha gari kabisa, vuta liva nyekundu kuingia gia nzito, kisha isukume mbele tena. Kitufe cha njano, kile cha kuingizia fo-wili, kitaruka juu. Kikigoma, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, ukae kando, maana linaweza kuzunguka kwa kishindo likiachiwa.

Kama linabana hata ukienda mita chache tu za lami, tafuta tofauti kati ya mbele na nyuma. Tia alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari magurudumu yazunguke mara tano kamili, pima umbali. Kwa tairi za 7.50-16 ni kama mita 12. Mbele na nyuma zikipishana zaidi ya sentimita 15, tairi hazilingani. Zikilingana, hesabu difu. Gia huru, kuni mbele na nyuma ya magurudumu mengine, inua gurudumu moja la nyuma na ulizungushe mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Inapaswa kuzunguka mara 4.7. Rudia mbele. Kuna watu waliotia difu ya 3.54 ya Range Rover nyuma ili gari likimbie barabara kuu, wakaiacha ya 4.7 mbele. Gari la namna hiyo likiingizwa fo-wili linajivunja lenyewe, na mnunuzi wa pili huwa haambiwi.

Sasa hiyo "ko!". Breki ya mkono ya Series iko kwenye ngoma nyuma ya boksi, inashika propela na si magurudumu. Hilo ni hatari na pia ni msaada. Hatari: ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki hiyo haishiki tena gari, kwa sababu difu inaliachia gurudumu lililo hewani lizunguke. Weka kuni kila mara. Msaada: inatenganisha sehemu mbili za kupima. Zima injini, vuta breki ya mkono, inua gurudumu moja la nyuma, lichezeshe mbele na nyuma kwa mikono. Mchezo wote unaousikia uko kati ya ngoma na gurudumu. Chora mistari ya chaki kwenye kila kiungo, uangalie wapi mstari mmoja unasogea na wa jirani umesimama.

Krosi ikiwa ndiyo, utaona vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake, dalili kwamba grisi iliisha zamani. Flenji ya nje ikicheza kwenye meno ya hafushafti, fungua bolti zake sita utazame. Meno yaliyoliwa yanakuwa makali kama wembe. Gurudumu na hafushafti zikisogea na propela imesimama, mchezo uko ndani ya difu. Na ikiwa nyuma hakuna kitu, toa breki, weka gia ya kwanza, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa kuni, ushike propela kwa mkono: kinachocheza sasa ni boksi na giaboksi.

Siku propela ya nyuma itakapozunguka na gari lisiende, hafushafti imekatika. Sukuma kitufe cha njano, urudi nyumbani polepole kwa magurudumu ya mbele, kisha hakikisha kipande kilichobaki ndani kimetolewa kabla hakijaingia kwenye meno ya difu.

SWALI: Volti 24 zinanitesa

Nina Lightweight, ile Land Rover ya jeshi iliyopunguzwa uzito, ya redio za jeshi, volti 24. Fundi aliweka koili ya kawaida ya volti 12, na redio ya muziki akaiunga kwenye betri moja. Pointi zinaungua kila wiki na betri moja inachemka.
– Msomaji, Syokimau

JIBU: Koili ya omu 3 kwenye volti 12 inavuta ampea 4. Kwenye volti 24 inavuta 8, na pointi hazikuundwa kwa hizo. Ukitaka kubaki na koili hiyo, unganisha mbele yake rezista ya omu 3. Itatoa joto la wati karibu 50, hivyo nunua ya wati 100 na uifunge kwenye chuma, mbali na plastiki.

Betri inayochemka ni ile isiyobeba redio. Alteneta inaona jumla tu, kama volti 28, haijui moja imenyonywa. Inajaza zote kwa pamoja mpaka nzima inapitiliza. Toa waya wa redio hapo, tumia kipunguza volti cha 24 kwenda 12. Maduka ya vipuri vya malori Kirinyaga Road yanavyo, pamoja na balbu na rilei za volti 24, kwa kuwa malori mengi hutumia volti hizo. Kigumu kupata ni plagi na distribyuta zilizofunikwa kwa chuma kuzuia mikwaruzo ya redio. Ukiwa nazo usizitupe.

Kisha chaji kila betri peke yake, ziache usiku mzima bila kuunganishwa, pima asubuhi. Zote ziwe karibu 12.6. Zikipishana zaidi ya 0.2, badilisha zote mbili siku moja.